Anayealika na Anayelipa: Rimbaud Nyumbani kwa Wakwe wa Verlaine

Mwishoni mwa Septemba 1871, Arthur Rimbaud, mshairi aliyekuwa hajatimiza miaka 17, alipokewa katika nyumba namba 14 ya rue Nicolet, kwenye kilima cha Montmartre, jijini Paris. Hakukaa hapo hata mwezi. Lakini haikupita miezi kumi, Paul Verlaine aliyemwalika akawa amemwacha mkewe na mtoto wa miezi minane. Haikupita miaka miwili, Verlaine akawa gerezani kwa kumpiga risasi mgeni wake. Haikupita miaka mitatu, mahakama ikawa imewatenganisha mume na mke.

Kisa hiki kimezoeleka kusimuliwa kama habari ya washairi wawili: mapenzi yao, ugomvi wao, na mashairi waliyoyaacha. Nyumba iliyowapokea hutajwa kwa kupita tu. Usimulizi wa namna hiyo una upungufu mkubwa, kwa kuwa nyumba ile ilikuwa na watu, na watu hao ndio waliogharamia. Ukifuatwa kwa utaratibu, mkasa wa rue Nicolet unafundisha jambo linalowahusu wenyeji wa wasanii popote walipo: nyumba huvurugika pale anayealika anapokuwa si yule atakayebeba mzigo wa ugeni, na dhuluma hukamilika pale wanaofaidi kazi ya msanii wanapowasahau waliobeba mzigo huo.

Nyumba ilikuwa ya Théodore Mauté, mtu mwenye mapato ya kutosha na mpenda uwindaji. Mkewe, Antoinette, alikuwa mwalimu wa piano aliyesema kuwa aliwahi kufundishwa na Chopin. Charles de Sivry, mwanawe wa ndoa ya kwanza, alikuwa mtunzi wa muziki. Binti yao Mathilde, aliyezaliwa 1853, aliolewa na Verlaine Agosti 1870, na ushairi uliingia katika uchumba wao tangu mwanzo, kwani diwani ya Verlaine iitwayo *La Bonne Chanson* ilitungwa kwa ajili yake.

Familia hii imechorwa mara nyingi kama watu wa tabaka la kati wasiojua sanaa, waliotishwa na kipaji kikubwa kuliko akili zao. Picha hiyo si ya haki. Katika miaka hiyo hiyo Antoinette Mauté alimchukua mtoto wa miaka tisa kutoka familia maskini, ambaye baba yake alikuwa amefungwa baada ya Komuni ya Paris, serikali ya mapinduzi ya jiji hilo, akamfundisha piano hadi akaingia chuo cha muziki cha taifa, Conservatoire, mwaka 1872 akiwa na miaka kumi. Mtoto huyo alikuwa Claude Debussy, ambaye baadaye alikuja kuyatungia muziki mashairi kadhaa ya Verlaine. Mwanamke aliyekitambua kipaji cha Debussy kabla ya dunia hawezi kuitwa adui wa sanaa. Kama nyumba yake ilishindwa kumstahimili Rimbaud, sababu itafutwe kwingine.

Sababu moja ilikuwa hali ya Verlaine mwenyewe. Alikuwa karani katika ofisi za jiji la Paris, na Komuni iliposhika madaraka Machi 1871 hakuondoka kazini, bali alifanya kazi katika ofisi ya magazeti ya serikali hiyo. Komuni ilipovunjwa kwa damu nyingi mwezi Mei, alipoteza ajira na kuishi kwa hofu ya kukamatwa. Hakuwa na mshahara, mkewe alikuwa mjamzito, naye akahamia ukweni. Kwa hiyo mtu aliyemwalika Rimbaud hakuwa mwenye nyumba. Alikuwa mkwe aliyehifadhiwa, akila chakula asichokinunua na kulala chini ya paa la baba mkwe.

Tatizo lingine la Verlaine lilikuwa la zamani zaidi. Alikuwa mlevi, na ulevi ulimtia ukatili. Mwaka 1869, kabla hajaoa na kabla hajalisikia jina la Rimbaud, alikuwa tayari amemshambulia mama yake mzazi akiwa amelewa. Ufa ulikuwepo ukutani kabla mgeni hajabisha hodi.

Rimbaud alizaliwa Charleville, kaskazini mashariki mwa Ufaransa, mwaka 1854. Baba yake, kapteni wa jeshi, aliiacha familia mvulana akiwa na miaka sita, na mama akawalea watoto kwa mkono mgumu. Shuleni Rimbaud alinyakua tuzo za utungaji wa mashairi kwa Kilatini. Nje ya shule alitoroka nyumbani mara kwa mara. Mei 1871 aliandika barua mbili zilizokuja kuwa maarufu, moja kwa mwalimu wake Georges Izambard na nyingine kwa mshairi Paul Demeny. Humo alieleza kwamba mshairi hana budi kuvuruga kwa makusudi utaratibu mzima wa hisia zake ili apate kuona yale ambayo wengine hawayaoni.

Fundisho hilo ndilo ufunguo wa yaliyofuata. Kwa Rimbaud vurugu haikuwa utovu wa adabu wa kijana uliojitokeza kwa bahati mbaya. Ilikuwa sehemu ya kazi, na aliifanya kwa nidhamu ya mtu afanyaye kazi. Nyumba kwa upande wake huendeshwa kwa utaratibu: saa ya kula, saa ya kulala, heshima kwa mali ya mwenzako, staha mbele ya mjamzito na mzee. Kijana aliyeamini kwamba kuvunja utaratibu ndiyo njia ya ushairi aliwekwa katikati ya familia inayosubiri mtoto, na familia haikuambiwa inapokea nini.

Verlaine hakujua mengi kuliko wao. Rimbaud alikuwa amemwandikia na kumtumia mashairi, naye akavutwa nayo mno hata akampelekea nauli na kumwita aje. Siku ya kuwasili, Verlaine na rafiki yake Charles Cros, mshairi na mvumbuzi, walikwenda kumpokea kituo cha treni wakapishana naye. Waliporudi walimkuta kijana mwenye nguo zilizombana, mikono mikubwa na uso wa kitoto, ameketi sebuleni na Mathilde na mama yake. Wanawake wale wawili ndio walioanza kumkaribisha mgeni ambaye hawakumwalika.

Yaliyotokea ndani ya nyumba yanajulikana zaidi kutokana na kumbukumbu za Mathilde, zilizochapishwa 1935 kwa jina la *Mémoires de ma vie*. Anaeleza kwamba mgeni alikuwa mchafu na mkimya, alijibu maswali kwa mkato, aliharibu vitu, na alikichukua kisanamu cha zamani cha Kristo kilichochongwa kwa pembe ya ndovu. Baada ya kuondoka kwake, Mathilde aliona kwenye mto aliolalia wadudu ambao hakuwahi kuwaona maishani mwake: chawa. Mambo haya, yakichukuliwa moja moja, ni madogo. Mwanamke aliyekaribia kujifungua aliishi nayo kila siku, huku mumewe akiyachekelea.

Théodore Mauté hakuwepo wakati huo; alikuwa safarini kwa uwindaji. Ilipokaribia siku ya kurudi kwake, ikabidi mgeni atafutiwe pengine pa kukaa. Jambo hili linaonyesha wazi kwamba Verlaine alijua kuwa hakuwa na haki ya kualika. Alitumia nyumba ya mtu asiyekuwepo, na ugeni ukaisha mwenyewe aliporejea.

Wenyeji waliofuata walikuwa wasanii wenyewe, watu ambao hawakuwa na chuki yoyote na ushairi. Charles Cros alimpa hifadhi, na Rimbaud akachana kurasa za jarida lililokuwa na mashairi ya mwenyeji wake. Théodore de Banville, mshairi mkongwe wa kizazi kilichotangulia, alimpa chumba cha darini; inasimuliwa kwamba kijana alisimama uchi dirishani na kutupa nguo zake zenye chawa, majirani wakimtazama. Machi 1872, kwenye chakula cha jioni cha washairi, alimjeruhi mpigapicha Étienne Carjat kwa upanga uliofichwa ndani ya fimbo ya Verlaine. Huyu Carjat ndiye aliyepiga picha ya uso wa Rimbaud inayojulikana duniani kote. Henri Fantin-Latour alipowachora washairi wa kundi hilo mwaka huo, katika picha ambayo sasa iko katika jumba la makumbusho la Orsay, Albert Mérat alikataa kuchorwa meza moja na Verlaine na Rimbaud, na mahali pake pakawekwa chombo cha maua.

Watu hawa waliweza kumfukuza, kumkwepa, au kukataa kukaa naye meza moja. Mathilde hakuwa na njia hizo, kwani mgeni alishaondoka chumbani akabaki katika moyo wa mumewe. Mtoto Georges alizaliwa tarehe 30 Oktoba 1871, na miezi iliyofuata Verlaine alishinda na Rimbaud katika mikahawa, akanywa absinthe, akarudi usiku wa manane. Januari 1872, akiwa amelewa, alimpiga mkewe na kumtupa mtoto wa miezi miwili na nusu. Mathilde alikimbilia kusini na baba yake pamoja na mtoto, akaweka sharti kwamba Rimbaud aondoke Paris. Rimbaud aliondoka mwezi Machi, na Mei akarejeshwa kwa siri.

Tarehe 7 Julai 1872 Verlaine alitoka nyumbani akaondoka na Rimbaud kuelekea Ubelgiji. Mathilde na mama yake walimfuata Brussels na kumshawishi kurudi. Alipanda nao treni, lakini kwenye kituo cha mpakani cha Quiévrain akashuka na kubaki nyuma. Yeye na Rimbaud wakaenda London, wakaishi kwa masomo machache waliyofundisha na kwa fedha za mama yake Verlaine. Tarehe 10 Julai 1873, katika hoteli moja ya Brussels, Verlaine alifyatua bastola na kumjeruhi Rimbaud kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Alihukumiwa kifungo cha miaka miwili. Mathilde alipata hukumu ya kutengana mwaka 1874, na ilibidi asubiri sheria ya 1884 iliyorudisha talaka nchini Ufaransa ndipo afunguliwe kabisa.

Fasihi ilipata faida kubwa katika kipindi hicho, na hakuna sababu ya kuificha. Verlaine alitoa *Romances sans paroles* mwaka 1874, diwani iliyoufanya ushairi wa Kifaransa uwe mwepesi na wenye muziki kuliko ulivyokuwa. Rimbaud alichapisha *Une saison en enfer* Brussels mwaka 1873, na mashairi ya nathari ya *Illuminations* yakatoka 1886. Vizazi vya washairi vilivyofuata, pamoja na wasurrealisti wa karne ya 20, vilijifunza kutokana na vitabu hivi. Hata bastola ile ilithaminiwa: mwaka 2016 iliuzwa kwa mnada mjini Paris kwa euro 434,500.

Hesabu ya upande wa pili huandikwa kwa nadra. Mathilde alipoteza ndoa na ujana wake, akalea mtoto asiyelelewa na baba. Ndani ya *Romances sans paroles* limo shairi ambamo Verlaine anamlaumu mkewe kwa kukosa subira. Shairi hilo ni zuri, limesomwa na maelfu, na Mathilde hakuwa na shairi la kujibu. Kumbukumbu zake zilitoka zaidi ya miaka 20 baada ya kifo chake, na wasomi wengi wakazipokea kwa shaka, wakisema ni maneno ya mke mwenye kinyongo. Hivyo aliyeumizwa alitakiwa kuthibitisha maumivu yake, na aliyeumiza akaaminiwa kwa sababu alijua kutunga.

Hoja inayotumika kufunga mjadala ni kwamba kipaji cha kiwango kile hakiwezi kuishi bila kuvunja, na atakaye ushairi wa Rimbaud akubali pia tabia ya Rimbaud. Hoja hii inapingwa na mfano wa jirani. Mwaka 1853, siku za mwisho wa Septemba na mwanzo wa Oktoba, Johannes Brahms, mtunzi wa muziki kijana wa miaka 20, alifika nyumbani kwa wanamuziki Robert na Clara Schumann mjini Düsseldorf. Naye alikuwa na kipaji kikubwa kupita umri wake, naye alipokewa na mwenyeji aliyevutwa hata kuandika makala ya kumtangaza. Nyumba hiyo ilikuwa na watoto sita na mwingine njiani, na ilikuwa na ufa wake: ugonjwa wa akili wa Robert.

Februari 1854 Robert alijirusha katika mto Rhine, akaokolewa na kupelekwa katika hospitali ya Endenich, alikofia 1856. Brahms alirudi Düsseldorf mara moja. Alikaa karibu na familia, aliwaangalia watoto na kuandika daftari la matumizi ya nyumba pale Clara alipokuwa safarini kupiga piano ili apate fedha. Alimpenda Clara, na barua zake zinaonyesha jinsi mapenzi hayo yalivyomtesa, lakini hayakuivunja nyumba. Urafiki wao ulidumu hadi Clara alipofariki 1896.

Vijana wote wawili walikuwa na kipaji adimu. Tofauti ya kwanza ni kwamba Clara alikuwa mwenyeji kamili. Alikuwa msanii mwenye jina, alisikiliza muziki wa mgeni, akatoa maoni, akawa na sauti katika uamuzi wa kumweka. Mathilde aliletewa mgeni kama habari iliyokwisha kuamuliwa. Tofauti ya pili ni kazi: Brahms aliona mzigo wa nyumba akauinua, ambapo Rimbaud alihesabu nyumba kuwa kizuizi. Ya tatu ni mwenyeji mwanamume. Robert Schumann alimfungulia mgeni milango ya dunia ya muziki na hakuacha kuwa baba kwa sababu yake. Verlaine aliutumia ujio wa mgeni kama ruhusa ya kuacha kuwa mume.

Busara ya Waswahili kuhusu ugeni imezingatia pande zote mbili za jambo hili. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema methali moja, ikikiri kwamba mgeni huleta neema ambayo wenyeji hawakuwa nayo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, husema nyingine, ikimtaka aliyepokewa ashiriki kazi ya waliompokea. Methali hizi mbili zinategemeana. Wapenzi wa sanaa hupenda kuisikia ya kwanza na kuisamehe ya pili inapomhusu msanii, wakati kipaji hakipunguzi idadi ya sahani za kuosha wala hakimnyamazishi mtoto anayelia usiku.

Taasisi za sanaa zilikuja kulielewa jambo hili. Mwaka 1907 mpigapiano Marian MacDowell na mumewe, mtunzi Edward MacDowell, walianzisha makazi ya wasanii huko Peterborough, jimbo la New Hampshire, Marekani. Msanii hupewa kibanda cha kufanyia kazi, muda maalumu wa kukaa, na chakula cha mchana ambacho kwa desturi huachwa mlangoni ndani ya kikapu ili asisumbuliwe. Anayepika analipwa, na hakuna mke wa mtu anayefanywa mwenyeji bila kuulizwa. Makazi ya Yaddo, jimbo la New York, yalianza kupokea wasanii kwa taratibu za aina hiyo mwaka 1926. Msanii anaendelea kupata utulivu anaouhitaji, na gharama yake inajulikana na kulipwa na waliokubali kuilipa.

Makazi ya namna hiyo ni machache, na wasanii wengi wanaoanza bado hutegemea nyumba za watu. Mwanamuziki anayefika Dar es Salaam au Nairobi kutafuta studio hufikia kwa dada, kwa shemeji au kwa rafiki wa kaka. Ukarimu huo ni wa thamani na unastahili kuendelea, kwa masharti ambayo rue Nicolet inayaonyesha kwa kukosekana kwake: wote watakaobeba mzigo waulizwe kabla mgeni hajaitwa, hasa wale watakaopika, kufua na kulea, muda wa kukaa utajwe, mgeni apewe sehemu ya kazi ya nyumbani, na anayependezwa na kipaji cha mgeni asiwaambie wenzake kwamba malalamiko yao ni ushamba.

Rimbaud mwenyewe aliacha ushairi kabla ya kutimiza miaka 21 au muda mfupi baadaye. Kuanzia 1880 alikuwa mfanyabiashara Aden na Harar, akiuza kahawa, ngozi na baadaye bunduki. Katika barua kwa mama na dada yake alitaja mara kadhaa mpango wa kwenda Zanzibar, ambao haukutimia. Barua hizo zimejaa hesabu, na mwaka 1883 aliandika kutoka Harar kwamba anajuta kuwa hana mke wala familia, na kwamba angependa kuwa na mtoto wa kiume wa kumlea. Alifariki Marseille mwaka 1891 akiwa na miaka 37. Mtu aliyeidharau nyumba akiwa kijana alikuja kuitamani akiwa mtu mzima, na ushahidi huo wa mkono wake mwenyewe unatosha kuwajibu wanaodai kwamba nyumba ni kitu kidogo mbele ya sanaa.

Wajibu unaobaki ni wa wanaosoma na kufundisha. Ukubwa wa *Illuminations* haupungui hata kidogo kwa kuyataja yaliyotokea rue Nicolet, na hakuna shairi linalohitaji kulindwa dhidi ya ukweli wa maisha ya mtunzi wake. Mswada wa kitabu hicho ulipitia hata mikononi mwa Charles de Sivry, kaka yake Mathilde, kabla ya kufika kwa wachapishaji. Familia iliyovunjika ilishiriki kuihifadhi kazi ambayo dunia inaisifu leo. Anayeandika historia ya ushairi wa Kifaransa wa miaka hiyo ana deni la kumweka Mathilde Mauté humo, pamoja na mama yake, baba yake na mwanawe, akiwataja kama watu waliolipa gharama ambayo hawakuombwa idhini yake.